Mkataba usomwe barazani kabla pesa hazijatoka: ulanguzi wa binadamu unavyoanzia majumbani mwetu, Malindi na Lamu

Mwanzisha uzi, mwalimu mstaafu, Malindi

Assalamu alaykum, na salamu kwa ndugu zetu wa dini zote. Kwa miaka mingi nimesoma michango ya wengine bila ya kuandika neno. Leo naandika kwa sababu ya bahasha iliyoletwa barazani kwangu, hapa mtaa wa Barani, wiki tatu zilizopita.

Tangu nistaafu, majirani huniletea karatasi za Kiingereza niwasomee: barua za benki, hati za mashamba, majibu ya hospitali. Siku hizi zinazozidi zote ni mikataba ya kazi za Arabuni. Binti huja na mama yake au shangazi yake, wakaketi, wakanywa maji, ndipo karatasi ikatolewa mkobani. Mara nyingi huwa wamechelewa. Pesa zimekwisha kutolewa, kiwanja kimekwisha kuwekwa rehani, na tikiti ni ya Alhamisi. Kwa hivyo hawanijii niwaambie kama safari inafaa. Wanachotaka ni kuambiwa kwamba kila kitu kiko sawa, ili moyo wa mama upoe.

Bahasha ninayoisema ilikuwa na mkataba wa kurasa mbili. Mahali pa jina la mwajiri palikuwa patupu. Viza ilikuwa ya matembezi ya siku 90, ilhali mkataba ulitaja kazi ya miaka miwili. Kulikuwa na karatasi ya tatu, iliyoandikwa kwa Kiswahili, ambayo ilimtaka binti akubali kwamba akirudi kabla ya miaka miwili kwisha atamlipa wakala shilingi 180,000. Na katika nakala ya pasipoti, umri wake ulikuwa miaka 24. Binti huyo nilimwandikisha darasa la kwanza kwa mkono wangu, na najua kwamba ana miaka 19. Nilipouliza wakala ni nani, mama alisita, kisha akasema ni binamu yake, mtu aliyekula kwao sikukuu ya Idi.

Wengi wetu tukisikia ulanguzi wa binadamu hufikiria mtu aliyekamatwa kwa nguvu, akatiwa garini na kufungwa kamba. Hayo yapo, lakini sheria inatazama mbali zaidi ya hapo. Itifaki ya Palermo, iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwezi Novemba mwaka 2000 na ambayo Kenya ilijiunga nayo mwaka 2005, inaangalia mambo matatu kwa pamoja: kitendo, kama vile kumtafuta mtu, kumsafirisha, kumficha au kumpokea, njia iliyotumika, ikiwa ni nguvu, vitisho, udanganyifu au kuutumia vibaya unyonge wake, na kusudio, ambalo ni kumnyonya, iwe kwa kazi ya kulazimishwa, kwa utumwa, kwa ukahaba au kwa kumtoa viungo vya mwili. Mambo hayo matatu yakikutana, ridhaa ya aliyedanganywa haimwokoi mlanguzi. Na iwapo aliyenyonywa hajafika miaka 18, njia haiulizwi kabisa, kwa kuwa kitendo na kusudio vinatosha.

Binti yule alikubali, na mama yake alikubali. Lakini walikubali kazi ya hoteli yenye mapumziko ya Ijumaa, ambayo haikuandikwa popote katika zile karatasi. Ninaloomba tulijadili hapa ni hili: katika mtaa wako, ni nani anayeusoma mkataba kabla pesa hazijatoka, naye awe mtu asiyefaidika chochote na safari hiyo?

Mchangiaji wa pili, Langoni, Lamu

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mmoja wa waliokwenda na kurudi, na nitaeleza kwa ufupi kwa sababu kuna mambo ambayo bado siwezi kuyaandika.

Niliondoka kwa wakala aliyekuwa na ofisi Mombasa, na bango, na leseni iliyotundikwa ukutani. Sikutoroshwa usiku. Nilisindikizwa jetini na jamaa zangu wote, tukavuka hadi Mokowe kwa boti, nikapanda basi mchana kweupe. Mkataba wangu ulisema riali 900 kwa mwezi. Nilipofika Riyadh nilipewa mkataba mwingine wa Kiarabu, nikaambiwa nitie sahihi, na mshahara ukawa riali 700. Pasipoti ilichukuliwa siku hiyohiyo, simu ilichukuliwa baada ya wiki. Nyumba niliyopangiwa ilikuwa moja, lakini nilifanya kazi katika nyumba tatu, ya bibi mwenyewe, ya mama yake na ya dada yake, na hakuna aliyenilipa kwa hizo mbili. Nililala saa nane za usiku na kuamshwa saa kumi na moja. Nilipompigia wakala, alinijibu kwamba nivumilie, kwani kila mwanzo ni mgumu. Nilipompigia mara ya pili, akaniuliza nani atalipa deni.

Baada ya miezi saba nilitoka kwa miguu alfajiri, wakati wa kutupa taka. Kafili, yaani mwajiri aliyenidhamini huko, akapeleka ripoti kwamba nimetoroka. Huko ripoti hiyo huitwa huruubu, na ikishaandikwa, wewe ndiye mkosaji: akama yako, yaani kibali chako cha kuishi huko, haifai tena, huwezi kuajiriwa kwa halali, ukionekana barabarani unakamatwa, na huwezi hata kuondoka nchini mpaka jambo lako limalizwe. Nilikaa kizuizini kabla ya kurudishwa nyumbani.

Ninachotaka wasomaji wakielewe kimetokea hapa Lamu, si huko. Niliporudi, watu walikuja kunilaki, wakanitazama mikono. Kila mmoja alitaka kujua nimekuja na nini. Hakuna aliyeniuliza nimefanyiwa nini, isipokuwa nyanya yangu, naye aliuliza tukiwa peke yetu. Yule aliyenipeleka kwa wakala ni jirani, tunakutana sokoni, na mwaka uliofuata alipeleka wasichana wengine wawili wa mtaa huuhuu. Lau ningesema mapema, huenda wasingekwenda. Lakini ningesemea wapi, na nani angekubali kwamba tatizo si uvivu wangu?

Mwanzisha uzi

Marahaba, mwanangu. Pole kwa yote, na ahsante kwa kusema. Neno huruubu ulilolitaja limenigusa kwa namna ambayo huenda vijana wa leo hawaijui. Mashamba ya mtama na ufuta yaliyoifanya Malindi kuwa tajiri katika karne ya 19 yalilimwa na watumwa, na waliotoroka wakaitwa watoro, wakaenda kuanzisha vijiji vyao bara. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba aliotia sahihi Sultani Barghash, lakini katika pwani yetu utumwa wenyewe haukufutwa kisheria mpaka mwaka 1907. Muda wote huo, aliyeondoka kwenye shamba la bwana wake ndiye aliyeonekana kuwa na kosa. Sisemi kwamba kila ajira ya Arabuni ni utumwa. Nasema kwamba sisi watu wa pwani hatuna udhuru wa kutoelewa maana yake pale mtu anapoitwa mtoro kwa kuacha kazi.

Mchangiaji wa tatu, Gede

Naheshimu yaliyosemwa, ila naomba kuweka upande mwingine. Dada yangu yuko Jeddah mwaka wa nne. Amejenga nyumba ya mawe ya vyumba vitatu, amewasomesha wadogo zetu wawili, na mama anapata dawa zake za sukari kila mwezi. Hoteli zilipofungwa hapa, hakuna aliyetuletea unga. Mkiwatia watu hofu, wasichana watakwenda tu, ila watakwenda kwa njia za vichochoro. Tafadhali msifunge mlango ambao wengine wanapata riziki kupitia hapo.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa Gede, umesema kweli, na nafurahi kwa ajili ya dada yako. Sina nia ya kufunga mlango. Serikali ilijaribu kufanya hivyo mwaka 2014, ilipopiga marufuku kupeleka watumishi wa nyumbani katika nchi za Ghuba na kufuta leseni za mawakala, na ilipofika mwaka 2017 marufuku ikaondolewa. Katika miaka hiyo mitatu nilishuhudia yaleyale unayoyahofia: wasichana wa hapa walipitia nchi jirani, kwa viza za matembezi, bila ya mtu yeyote serikalini kujua wako wapi. Marufuku haikuondoa haja ya kazi, iliondoa rekodi.

Ninachotaka ni dada yako na dada wa Langoni waondoke kwa karatasi zinazofanana. Kwa hivyo nitaeleza ninavyousoma mkataba ukiletwa kwangu, ili mwenye kuweza asome vivyo hivyo katika mtaa wake.

Kwanza natazama jina la mwajiri, anwani yake na nambari yake ya simu. Mkataba usio na mwajiri ni karatasi tupu, hata uwe na mihuri kumi. Kisha natazama viza. Viza ya matembezi au ya utalii haimpi mtu haki ya kufanya kazi, na anayefanya kazi kwa viza hiyo huwa mkosaji tangu siku ya kwanza, jambo ambalo mwajiri mbaya hulijua vizuri na hulitumia kama kamba. Baada ya hapo naulizia wakala. Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira huweka orodha ya mawakala wenye leseni, na jina la wakala litafutwe humo wakati huohuo, si kwenye cheti kilichotundikwa ukutani, kwa kuwa leseni huisha muda na huweza kufutwa. Hata hivyo, dada wa Langoni ametuonyesha kwamba leseni pekee haitoshi, na ndiyo maana naenda kwenye jambo la nne, ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa na ndilo linalosahauliwa zaidi.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inasema kwamba mkataba wa kazi ya nje ya nchi uwe katika muundo uliowekwa, utiwe sahihi na pande zote, na uthibitishwe na afisa wa kazi. Afisa huyo anatakiwa ahakikishe kwamba mfanyakazi ameuelewa mkataba na amekubali kwa hiari yake, bila ya kulazimishwa wala kudanganywa. Hebu tulitazame hilo kwa makini. Sheria ilikwisha kuona kwamba kati ya msichana na ndege panahitajika mtu mmoja asiyelipwa na wakala, ambaye atamuuliza ana kwa ana, je, umeelewa? Katika mikataba niliyoletewa barazani, mingi haikuwa na alama ya afisa wa kazi, na familia hazikuwa zimesikia kwamba kuna afisa kama huyo. Kwa wanaokwenda Saudia kuna pia mfumo wa Musaned, ambao serikali ya huko inautumia kusajili mikataba ya watumishi wa nyumbani, na mkataba wa kweli unapaswa kuonekana humo. Kanuni za huko zenyewe zinamkataza mwajiri kushika pasipoti ya mfanyakazi. Kukatazwa si kukoma, nakubali, lakini binti anayelijua hilo kabla ya kuondoka atajua kwamba siku ya kwanza ya kunyang'anywa pasipoti ndiyo siku ya kuutafuta ubalozi, na asingoje mwezi wa saba.

La mwisho ni deni. Ile karatasi ya shilingi 180,000 naichukia kuliko zote. Mtu anaweza kufunguliwa mlango na bado asitoke kwa sababu kiwanja cha mama yake kiko rehani. Wakala anayemtoza binti kwa kurudi nyumbani amekwisha kuonyesha anachokitegemea.

Nakala ya kila karatasi ibaki na familia, na nyingine ibaki kwa msomaji wa barazani. Msichana akae na nambari mbili za simu kichwani, wala si kwenye simu tu, kwa sababu simu huchukuliwa.

Mchangiaji wa nne, nahodha, Kizingitini

Nimesoma yote kwa utulivu. Huku kwetu visiwani mambo yana sura nyingine, na sipendi yakasahauliwa kwa kuwa Arabuni ndiko kunakozungumzwa zaidi.

Kutoka Kiunga hadi mpaka wa Somalia si mbali, na ng'ambo yake ni Ras Kamboni. Bahari haina ukuta. Ndugu zetu Wabajuni wako pande zote mbili, na tangu zamani watu wameoana, wamevua na wameuza pamoja. Mtu kuvuka ili kumzuru shangazi yake si ulanguzi, na naomba maafisa wa usalama walitenganishe hilo. Lakini katika miaka ya karibuni vijana wetu walifuatwa na watu waliowaahidi kazi yenye mshahara ng'ambo, kumbe waliokuwa wakiwatafuta ni Al-Shabaab. Wapo waliokwenda wakijua, sikatai. Wapo pia waliodanganywa, na aliyedanganywa akagundua akiwa kambini hana njia ya kurudi: nyuma yake kuna bunduki, na mbele yake, akifika nyumbani, anaitwa gaidi. Wazazi wao hunyamaza, kwa hofu ya pande zote mbili.

Kuna jambo ambalo lazima lisemwe wazi. Wakati kuvua usiku kulipopigwa marufuku Lamu kwa sababu za usalama, wavuvi wengi walikosa pato, kwa maana samaki wengine hawavuliwi mchana. Kijana aliyekuwa na wavu na ngalawa akawa anakaa barazani kutwa nzima. Ndipo mwenye ahadi humfuata. Sitetei uhalifu, naeleza tu jinsi kijana anavyopatikana.

Swali langu kwa Mwalimu ni hili. Mara kwa mara husikia Wahabeshi wamekamatwa wakikatiza nchi yetu kuelekea Afrika Kusini, nao hushtakiwa kwa kuingia bila ya kibali na kurudishwa kwao. Je, hao ni walanguliwa au ni wahamiaji tu?

Mwanzisha uzi

Ami, swali lako ni zito na linastahili jibu la uangalifu. Umoja wa Mataifa una itifaki mbili tofauti kuhusu mambo haya. Anayelipa avushwe mpaka kwa magendo, kisha akaachiwa aende zake, amevushwa kinyume cha sheria, lakini hakulanguliwa. Aliyekosewa hapo ni serikali yenye mpaka. Anayenyonywa ndiye aliyelanguliwa, na aliyekosewa ni yeye mwenyewe. Hata mpaka hauhitajiki, kwani mtu anaweza kulanguliwa kutoka kijijini hadi Nairobi.

Taabu ni kwamba safari moja hubadilika ikiwa njiani. Mtu huanza kwa kulipa kwa hiari yake, halafu katikati ya njia bei inapandishwa, anafungiwa nyumbani, jamaa zake wanapigiwa simu walipe, au anafanyishwa kazi mpaka deni liishe. Huwezi kulijua hilo kwa kumtazama. Lazima aulizwe, kwa lugha yake, na mtu asiyemtisha. Sheria yetu ya mwaka 2010 ya kupambana na ulanguzi wa binadamu inasema kwamba aliyelanguliwa hawajibiki kwa kosa la kuwa nchini bila ya kibali, wala kwa kosa lililotokana moja kwa moja na kulanguliwa kwake. Kumshtaki na kumrudisha ndani ya siku mbili bila ya mahojiano ni kumwondoa shahidi pekee aliyeweza kumtaja mlanguzi.

Mchangiaji wa tano, mfanyakazi wa hoteli, Malindi

Naomba tusiyazungumzie yanayotoka tu bila ya yanayoingia. Mimi nimefanya kazi katika mapokezi ya hoteli kwa miaka 14. Mwaka 2006 UNICEF na serikali ya Kenya walitoa utafiti kuhusu Malindi, Kilifi, Mombasa na Diani, wakakadiria kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 walikuwa wakiingizwa katika biashara ya ngono. Watu wengi wa mji huu waliudhika na hesabu hiyo. Mimi sikuudhika, kwa sababu wakati huo mdogo wangu wa kike alikuwa darasa la sita, na alikuwa na wenzake watatu walioacha shule kwa muhula mmoja.

Hoteli kubwa zimebadilika, nalisema kwa kushuhudia. Mgeni akija na mtoto tunataka vitambulisho, na mlinzi anajua kwamba akifumba macho anapoteza kazi. Yaliyokuwa hotelini yamehamia kwenye nyumba za kupangisha, ambako hakuna mapokezi wala daftari, na mwenye funguo ni kijana anayelipwa na mgeni huyohuyo. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inawahusu hata wanaopanga safari na makao kwa ajili ya kumnyonya mtoto kingono, na kifungo chake hakipungui miaka 10. Mwenye nyumba anayesema hakujua ajiulize ni kwa nini hakutaka kujua.

Wageni wengi wa mji wetu ni Waitaliano, na wengi wao ni watu wema ambao tumeishi nao kwa miaka. Ni vizuri watu wafahamu kwamba Italia ilitunga sheria mwaka 1998, sheria nambari 269, inayoruhusu raia wake kushtakiwa huko kwao kwa kumnyonya mtoto kingono katika nchi nyingine. Uingereza nayo hufanya hivyo: mwaka 2014 mahakama ya Birmingham ilimtia hatiani mwanamume aliyewadhuru wavulana wa Gilgil, hapa Kenya, akafungwa. Kwa hivyo yule anayepanda ndege hajamaliza mambo, mradi tu ushahidi umehifadhiwa na mtoto amesikilizwa. Nambari 116 ya simu ya watoto hupigwa bila malipo. Nimeipiga mara mbili, na mara zote mbili kuna mtu aliyepokea.

Mchangiaji wa sita, mama, Mambrui

Mwalimu, hujambo. Mwanangu ana diploma ya kompyuta, hana kazi. Ameandikiwa kwenye simu kuhusu kazi ya kuhudumia wateja Thailand, tikiti bure, mshahara wa dola 1,000. Anataka kuondoka mwezi ujao. Nimwambie nini?

Mwanzisha uzi

Dada, mwambie asiondoke kabla ya kulisoma hili. Wakenya wamekwisha kupelekwa Bangkok kwa ahadi kama hiyo, na badala ya kubaki Bangkok wakachukuliwa kwa gari hadi mji wa Mae Sot, wakavushwa mto Moei usiku na kujikuta Myanmar, upande wa Myawaddy, katika majengo yenye kuta ndefu na walinzi wenye silaha. Kazi yenyewe ni kuwalaghai watu mitandaoni, kwa saa nyingi kila siku, na asiyefikisha kiasi alichopangiwa hupigwa. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria mwaka 2023 kwamba watu wasiopungua 120,000 huko Myanmar na wengine wapatao 100,000 Kambodia walikuwa wakishikiliwa kwa namna hiyo. Wanaotafutwa ni vijana kama mwanao hasa, wenye elimu, wanaojua Kiingereza na kompyuta. Hao nao ni walanguliwa, ingawa mikono yao imetumiwa kuibia wengine.

Mwambie amwombe huyo mwenye kazi jina la kampuni na anwani yake, aombe mahojiano ya video huku mwenye kazi huyo akiwa ofisini kwake, na aulize kibali cha kazi kitatolewa na nani kabla ya safari. Asipopata majibu hayo matatu, tikiti ya bure isimvute. Na usimkemee, nakuomba. Kijana aliyekemewa huondoka bila ya kuaga, na hapo hata wa kumtafuta hatujui aanzie wapi.

Kuna jambo jingine ambalo nimelifikiria tangu dada wa Langoni aandike kuhusu yule jirani. Sheria yetu inamtoza mlanguzi kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili, na akirudia ni kifungo cha maisha. Adhabu ni nzito, lakini lile neno "au" linanisumbua. Dalali mdogo wa mtaani, ambaye hana milioni moja, atakwenda jela. Mwenye mtandao, anayepokea pesa kutoka nchi tatu, anaweza kulipa na kuendelea. Kama kuna mwanasheria au mbunge anayesoma hapa, naomba alitazame neno hilo. Pia naomba Hazina ya kuwasaidia waathiriwa, ambayo sheria hiyohiyo iliianzisha, ijulikane huku Kilifi na Lamu, kwa sababu sijakutana na mtu aliyerudi ambaye aliwahi kuambiwa kwamba ipo.

Mchangiaji wa pili, Langoni, Lamu

Mwalimu, mimi sikuambiwa. Nimeisikia leo kwako.

Nimekuwa nikifikiria yule binti wa bahasha. Amefanya nini?

Mwanzisha uzi

Hajaondoka, alhamdulillahi, ingawa siwezi kusema kwamba jambo limekwisha. Mama yake alikwenda kuomba arudishiwe pesa, na binamu yake akakataa. Pasipoti bado iko kwa wakala, na sheria ile ya mwaka 2010 inalifanya kosa kuzuia hati za kusafiria za mtu kwa njia hiyo. Familia imegawanyika: wajomba wanaona aibu ndugu yao kushtakiwa, na wapo wanaoninunia kwa kusoma nilichokisoma. Jumatatu tunakwenda na mama kwa afisa wa kazi, tukiwa na nakala zote, kisha tutapeleka habari kwa kitengo cha DCI, idara ya polisi ya upelelezi wa jinai, kinachoshughulikia ulanguzi wa binadamu na ulinzi wa watoto. Imamu wa msikiti wetu amekubali kwamba kila Ijumaa baada ya sala pawe na watu wawili wa kusoma mikataba, na mchungaji wa kanisa lililo karibu amesema atafanya hivyo siku ya Jumapili.

Binti mwenyewe amekasirika. Anaona nimemkatia riziki, na wenzake wawili wamekwisha kuruka. Nikimwambia mimi, anasikia mzee aliyezoea kumfundisha.

Mchangiaji wa pili, Langoni, Lamu

Mpe nambari yangu, nimekutumia faraghani. Mwambie anipigie jioni, baada ya magharibi, akiwa peke yake. Sitamkataza kwenda. Nitamwambia nyumba zilikuwa tatu, na nitamjibu kila atakachouliza, hata yale ambayo sikuyaandika hapa.